Wajumbe Wapya wa Bodi Katika Mashirika ya Uhifadhi: Kwa Nini Uteuzi Wao Unamhusu Mwananchi

Na Mwandishi Wetu, Tukuyu

Mashirika yasiyo ya kiserikali yanayojishughulisha na uhifadhi wa kasa katika mwambao wa Bahari ya Hindi hutangaza mara kwa mara majina ya wajumbe wapya wa bodi zao. Tangazo la namna hiyo huwa fupi: majina, elimu na uzoefu wa wahusika, kisha shukrani kwa wale wanaomaliza muda wao. Kwa mkazi wa Kata ya Ibighi, wilayani Rungwe, ambaye mawazo yake yako kwenye migomba, chai, parachichi na ng'ombe wa maziwa, habari hiyo yaweza kuonekana kuwa ni ya watu wengine na ya mahali pa mbali.

Hata hivyo, umbali huo si mkubwa kama unavyodhaniwa. Maji yanayoteremka kutoka milima ya Rungwe huingia katika mito kama Kiwira na Mbaka, ambayo humwaga maji yake Ziwa Nyasa. Kutoka Ziwa Nyasa maji hutoka kwa Mto Shire, huungana na Mto Zambezi na hatimaye kuingia Bahari ya Hindi katika pwani ya Msumbiji. Bahari hiyo ndiyo makazi ya kasa. Zaidi ya hayo, swali linalozikabili bodi za mashirika ya pwani ndilo linalozikabili asasi zinazotunza misitu, vyanzo vya maji na wanyama adimu hapa Rungwe, nalo ni hili: nani anasimamia kazi ambayo matunda yake hayataonekana katika maisha ya mradi mmoja?

Makala haya yanaeleza bodi ya shirika la uhifadhi ni chombo gani, sheria inataka nini, na kwa nini mwananchi anapaswa kufuatilia ni nani anayeingia na ni nani anayetoka.

Kasa na hesabu ya miaka

Ili kuielewa kazi ya bodi, ni vyema kwanza kumwelewa mnyama mwenyewe. Duniani kuna spishi saba za kasa, na tano kati ya hizo hupatikana katika maji ya Tanzania. Wanaotaga kwa kawaida katika fukwe zetu ni kasa wa kijani na ng'amba. Kisiwa cha Mafia, hususan Kisiwa cha Juani, ni miongoni mwa maeneo muhimu ya kutagia nchini.

Kasa jike hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai yanayoweza kuzidi mia moja, huyafukia na kurejea baharini. Hawalei watoto wake. Mayai hukaa mchangani kwa takribani miezi miwili, na joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia ya watoto. Mchanga wenye joto zaidi huzaa majike wengi, na wenye ubaridi huzaa madume wengi. Watoto wakishaanguliwa hukimbilia majini, ambako wengi huliwa na samaki na ndege. Wataalamu hukadiria kuwa takribani mtoto mmoja kati ya elfu moja ndiye anayefikia utu uzima.

Jambo la msingi kwa makala haya ni muda. Kasa wa kijani huweza kuchukua miaka 20 hadi 40, na wakati mwingine zaidi, kabla ya kuanza kutaga. Anapofikia umri huo, kwa kawaida hurejea katika eneo la pwani alikozaliwa. Maana yake ni kwamba kiota kinacholindwa mwaka huu kitaleta mama mpya ufukweni wakati afisa aliyekilinda amekwisha kustaafu, mfadhili aliyegharamia kazi hiyo amekwisha kuhamia shughuli nyingine, na mtoto wa darasa la kwanza aliyeshuhudia mayai yakianguliwa amekwisha kuwa mzazi.

Miradi mingi ya uhifadhi hugharamiwa kwa vipindi vya miaka mitatu hadi mitano. Pana pengo kubwa kati ya umri wa mradi na umri wa kasa, na chombo kilichopewa dhamana ya kuliziba ni bodi. Watumishi huajiriwa na kuondoka, lakini bodi iliyoundwa vizuri hubadilisha wajumbe wake kwa awamu, ili wanaobaki wawarithishe wanaoingia kumbukumbu na msimamo wa shirika. Hii ndiyo sababu ya kwanza inayofanya tangazo la wajumbe wapya kuwa habari yenye uzito.

Bodi ni nini, na si nini

Wananchi wa Rungwe si wageni wa bodi. Mkulima wa chai au kahawa aliye mwanachama wa chama cha ushirika cha mazao, yaani AMCOS, anafahamu kuwa bodi huchaguliwa na wanachama, huajiri meneja, hupitisha bajeti na hujibu maswali katika mkutano mkuu. Bodi ya shirika la uhifadhi hufanana na hiyo kwa mengi, ila kuna tofauti moja kubwa. Katika chama cha ushirika mwanachama ndiye mwenye mali, na bei ya zao ikishuka au malipo yakichelewa huhisi mara moja, hivyo husimama na kuuliza. Katika shirika la uhifadhi anayehudumiwa ni kasa, msitu au mto. Kasa hawezi kuhudhuria mkutano mkuu wala kudai hesabu. Kwa hiyo mjumbe wa bodi ndiye anayepaswa kuuliza kwa niaba ya asiyeweza kusema.

Kwa kawaida, majukumu ya bodi ni haya: kulinda dhumuni la shirika kama lilivyoandikwa katika katiba yake, kuajiri, kuongoza na kupima utendaji wa mtendaji mkuu, kupitisha mpango kazi na bajeti, kuhakikisha hesabu zinakaguliwa, kusimamia utiifu wa sheria, na kuandaa urithi wa uongozi. Bodi haisimamii kazi za kila siku. Mjumbe anayemwelekeza askari wa doria afike ufukwe gani usiku huu ameingilia kazi ya mtendaji. Kinyume chake, mjumbe anayepokea taarifa ya fedha na kuipitisha bila kuisoma ameitelekeza kazi yake mwenyewe.

Ujumbe wa bodi katika mashirika haya kwa kawaida ni wa kujitolea. Mjumbe hurejeshewa nauli na gharama za kikao, lakini hapokei mshahara wala gawio, kwa kuwa shirika lisilo la kiserikali halipaswi kugawana faida. Heshima ya nafasi hiyo, kwa hiyo, hutokana na kazi yenyewe.

Sheria inasemaje

Mashirika haya huendeshwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, pamoja na marekebisho yake, yakiwemo ya mwaka 2005 na 2019. Usimamizi wake uko chini ya Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali katika wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii. Shirika linaweza kusajiliwa kufanya kazi katika ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Likishasajiliwa linakuwa nafsi ya kisheria, hivyo laweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake.

Marekebisho ya mwaka 2019 yaliweka ukomo wa miaka 10 kwa cheti cha usajili, ambapo shirika linalotaka kuendelea hulazimika kuomba kuhuishiwa. Aidha, kila mwaka shirika hutakiwa kuwasilisha taarifa ya shughuli zake pamoja na taarifa ya fedha, na taarifa hizo zinapaswa kupatikana kwa umma. Kanuni zilizotolewa mwaka 2018 ziliongeza sharti la uwazi kwa fedha zinazozidi shilingi milioni 20. Vyanzo na matumizi yake hutakiwa kuwekwa wazi, na mikataba ya ufadhili huwasilishwa katika mamlaka husika. Vilevile lipo Baraza la Taifa la Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, linalojulikana kwa kifupi NaCoNGO, ambalo ni chombo cha mashirika yenyewe katika kujisimamia na kufuata maadili.

Hapa pana jambo ambalo wajumbe wapya wengi hawalitambui mapema. Taarifa isipowasilishwa kwa wakati, au mabadiliko ya viongozi yasipofahamishwa kwa Msajili, anayeulizwa ni shirika, na wanaobeba dhamana ya shirika ni viongozi wake. Mjumbe aliyekubali uteuzi kwa sababu ya heshima tu anaweza kujikuta akitakiwa kueleza matumizi ambayo hakuwahi kuyauliza.

Nani aketi mezani

Swali la pili ni sifa za wajumbe. Kwa muda mrefu bodi za mashirika mengi zimeundwa na wanasayansi, wanasheria na watu wenye uzoefu wa fedha. Wote ni muhimu. Hata hivyo, historia ya uhifadhi wa kasa nchini inaonesha kuwa kazi hii haiwezi kufanikiwa bila watu wa ufukweni wenyewe.

Shirika la Sea Sense, ambalo mizizi yake ni mradi wa kuhifadhi kasa na nguva ulioanza Mafia mwaka 2001, ni mfano mzuri. Kasa na mayai yake walikuwa wakilindwa kwa sheria, lakini mayai yaliendelea kuchukuliwa kwa ajili ya chakula na biashara. Utaratibu uliobuniwa ulikuwa rahisi: mwanakijiji anayetoa taarifa ya kiota hupewa malipo madogo, na huongezewa kadiri mayai yanavyoanguliwa salama. Hivyo kiota kilichoachwa mahali pake kikawa na thamani kwa yule aliyekigundua. Maafisa wa uhifadhi walitoka vijijini humo humo. Baadaye wageni walianza kulipa kiingilio ili kushuhudia watoto wa kasa wakielekea baharini, na sehemu ya mapato ikaenda katika mfuko wa kijiji.

Nchini Kenya, huko Watamu, kazi iliyoanza mwaka 1997 kwa kulinda viota ilipanuka hadi kuwafikia wavuvi. Mvuvi anayemkuta kasa katika wavu wake hutoa taarifa, kasa huchukuliwa na kuachiwa, na mvuvi hufidiwa usumbufu alioupata. Unguja nako, jamii ya Nungwi ilianzisha bwawa la kuhifadhi kasa la Mnarani mwaka 1993. Katika mifano yote hii, wazo lililofanya kazi lilizingatia maisha ya mvuvi, ambaye ana familia ya kulisha.

Upo pia mfano wa Kisiwa cha Maziwe, karibu na Pangani. Zamani kisiwa hicho kilikuwa na miti na kilisifika kwa kasa waliotaga huko. Miti ilitoweka, mawimbi yakamomonyoa ardhi, na leo kilichobaki ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji ya bamvua. Kasa bado hufika kutaga, na kwa sababu hiyo mayai hulazimika kuhamishiwa ufukwe wa Ushongo, bara, ili yasizame. Kwa wajumbe wa bodi mfano huu ni fundisho. Kasa hurejea hata pale ambapo hapafai tena, na uzembe wa kizazi kimoja huwa mzigo wa kila msimu kwa vizazi vinavyofuata.

Uamuzi unaogusa uhai

Yapo maamuzi ya bodi ambayo hayahusu kasa peke yake. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 walilazwa hospitalini. Mwaka 2021 watu saba walifariki kisiwani Pemba kwa sababu kama hiyo. Wakati mwingine nyama ya kasa hubeba sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa, na hakuna dawa mahususi inayoiondoa mwilini. Watoto na wazee ndio wanaoathirika zaidi.

Bodi yenye wanasayansi wa bahari pekee inaweza kupitisha bajeti nzuri ya doria na kusahau kuwa mama wa kijijini hajawahi kuelezwa hatari iliyomo chunguni. Bodi yenye mkunga, mwalimu au mganga wa kituo cha afya itauliza swali hilo katika kikao cha kwanza. Ndiyo maana uwakilishi wa wanawake, vijana na watu wa taaluma mbalimbali usichukuliwe kuwa ni wa kukamilisha idadi tu, kwa kuwa huongeza maswali yanayoulizwa, na maswali hayo huokoa maisha.

Vilevile bodi inapaswa kusikiliza habari njema kwa kiasi. Mwezi Oktoba 2025, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira Asilia, yaani IUCN, ulimwondoa kasa wa kijani katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka na kumweka katika kundi lenye wasiwasi mdogo, baada ya tathmini kuonesha kuwa idadi yake duniani imeongezeka. Hayo ni matunda ya miongo kadhaa ya kulinda fukwe na majike wanaotaga. Lakini tathmini hiyo ni ya dunia nzima, na hali hutofautiana kutoka pwani moja hadi nyingine. Ng'amba bado yumo katika kundi la walio hatarini zaidi kutoweka. Mjumbe makini atatambua kuwa habari kama hiyo huweza kupunguza ari ya wafadhili, naye atajiandaa kueleza kuwa kasa walioongezeka ni matokeo ya ulinzi ambao haupaswi kukoma.

Fundisho kwa Rungwe

Rungwe haina kasa, lakini ina kipunji. Wakazi wa maeneo ya Mlima Rungwe walikuwa na jina la kima huyo kabla sayansi haijamtambua. Mwaka 2003 watafiti, wakiongozwa na simulizi za wenyeji, walimwona katika msitu wa Rungwe. Mwaka 2005 alitangazwa kwa ulimwengu, na mwaka 2006 alipewa jenasi yake mwenyewe iliyobeba jina la mlima huu, ikiwa ni jenasi mpya ya kwanza ya kima kutambuliwa Afrika tangu mwaka 1923. Utafiti wa miaka iliyofuata ulikadiria kuwa wamebaki takribani 1,100 tu. Mwaka 2009 msitu wa Mlima Rungwe ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Kama ilivyo kwa kasa, kipunji hatahifadhiwa kwa mradi mmoja. Msitu anaouhitaji ndio unaotunza vyanzo vya maji vya wananchi, na miti inayopandwa leo kando ya kijito itatoa kivuli kamili baada ya miaka mingi. Serikali ina wajibu wake, lakini vikundi vya jamii, asasi na mashirika ya ndani vina nafasi pana katika elimu, miche, ufugaji nyuki na nishati mbadala. Kila kimoja cha vyombo hivyo kina kamati au bodi, na kila bodi ipo siku itahitaji mjumbe mpya. Huenda mjumbe huyo akatoka Ibighi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali

Mwananchi anayeombwa kujiunga na bodi anashauriwa ajiulize na aulize yafuatayo kabla ya kutoa jibu.

Kwanza, dhumuni la shirika ni lipi kwa mujibu wa katiba yake, na je, shughuli linazozifanya sasa zinalingana nalo? Aombe nakala ya katiba na aisome yote.

Pili, cheti cha usajili kiko hai, na taarifa za miaka iliyopita zimewasilishwa? Jambo hili linaweza kuthibitishwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri.

Tatu, hesabu za mwisho zilikaguliwa lini na mkaguzi alitoa hoja gani? Hoja ya ukaguzi isiyojibiwa ni deni linalomsubiri mjumbe mpya.

Nne, je, yeye, ndugu yake au biashara yake ina maslahi katika mikataba ya shirika? Kama yapo, ayatamke, yaandikwe katika muhtasari, na asishiriki kufanya uamuzi unaohusu maslahi hayo.

Tano, ana muda? Mjumbe asiyehudhuria huharibu akidi, na akidi ikikosekana maamuzi hukwama.

Sita, ataiacha bodi lini, na nani atampokea? Anayeingia akijua siku ya kutoka huanza mapema kumwandaa mwingine.

Kwa upande wake, shirika lina wajibu wa kumpokea mjumbe ipasavyo. Lisimpe barua ya uteuzi pekee. Limpe mihtasari ya vikao vya nyuma, taarifa za fedha na sera, na limpeleke akaone kazi yenyewe. Mjumbe wa shirika la kasa ambaye hajawahi kukaa ufukweni usiku, au wa asasi ya misitu ambaye hajawahi kupanda hadi mpaka wa hifadhi, atapitisha bajeti ya kitu asichokijua.

Wajibu wa mwananchi

Mwananchi asiye mjumbe naye ana nafasi yake. Shirika linapoingia katika kata, anayo haki ya kuuliza kupitia mikutano ya hadhara na ofisi ya mtendaji wa kata: limesajiliwa wapi, linafanya nini, na bodi yake ni akina nani. Maswali hayo, yakiulizwa kwa staha, hulisaidia shirika jema kujieleza na kumzuia asiye mwema kujificha nyuma ya jina la uhifadhi.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Kiota kimoja kinacholindwa Juani, na mche mmoja unaotunzwa kwenye mteremko wa Mlima Rungwe, ni haba hizo. Lakini kibaba kinahitaji mikono ya kukishika kwa miaka 30 bila kukiangusha, na mikono hiyo hubadilishana zamu. Kwa hiyo, tangazo la wajumbe wapya wa bodi linapotolewa, iwe pwani au hapa Tukuyu, tuwapongeze, kisha tuwaulize watakabidhi nini kwa watakaowafuata.